Ngoma ya Tatu Huchelewa

Neno alilolipenda Mwalimu kuliko yote lilikuwa "Rudia." Aliliandika kwa wino mwekundu chini ya hesabu iliyokosewa, na aliliandika vilevile chini ya hesabu iliyopatikana kwa njia asiyoiamini. Hakutukana, hakuchapa, hakuandika maneno ya kumvunja mtu moyo. Aliandika Rudia, akaweka nukta, akafunga daftari. Mpaka leo nikikosea jambo huliona neno hilo limelala mbele yangu, kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto kama migomba iliyopigwa na upepo.

Alizaliwa wapi na wazazi wake walikuwa nani, sikuwahi kuuliza. Mimi nilimkuta tayari ni Mwalimu wa Hesabu, mke wa fundi mitambo wa kiwanda cha chai, jirani yetu wa ng'ambo ya njia pale Makandana. Alikuwa mrefu na mwembamba, na sweta lake la kijani lilikuwa limechoka viwikoni. Kwetu Tukuyu mvua hainyeshi ikaondoka. Inakaa, kama mgeni aliyependa chakula. Siku za mvua kubwa Mwalimu alitembea kutoka shuleni ameuelekeza mwavuli kwenye mzigo wa daftari zetu, yeye mwenyewe analowa.

"Mimi nitakauka," alisema. "Wino ukishachuruzika haurudi."

Hakujua kuimba, na hilo lilijulikana mtaa mzima. Aliwahi kujiunga na kwaya ya kanisani, na baada ya mazoezi mawili mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, alimwomba awe mtunza majoho. Akayatunza miaka mingi bila kinyongo, akayafua na kuyanyoosha. "Wengine Mungu kawapa koo," aliniambia. "Mimi kanipa vidole vya kuhesabia." Na kweli alihesabu. Alihesabu mapigo ya mchi wa jirani. Akipita mtu anayechechemea, Mwalimu alisimama akaisikiliza hatua ile mpaka ikapotelea kwenye kona, midomo yake ikicheza.

Kwa hiyo hatukushangaa sana alipoichukua ile mashine. Tulishangaa alichoifanyia.

Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Madukani, ambako tulizoea kupanga foleni ya sabuni, vilianza kuingia vitu ambavyo hata wenye maduka hawakuvijua majina. Alhaji, aliyekuwa na duka karibu na stendi, alileta marobota ya mitumba kutoka Dar es Salaam, na ndani ya robota moja, katikati ya makoti ya baridi, kilitoka kitu cheusi, bapa, chenye vitufe vya herufi na namba. Alhaji alikipanga dirishani akakiita taipu. Watu wakimuuliza karatasi inaingilia wapi, alijibu, "Utajua ukishanunua."

Mwalimu alikigeuza, akasoma maandishi ya chini, akakirudisha mahali pake taratibu. Aliwahi kuona picha ya kitu hicho katika jarida la zamani chuoni: kompyuta ya nyumbani, ya kuunganishwa na televisheni. Kesho yake alirudi dukani na cherehani yake kichwani, ile aliyopewa siku ya harusi, akaitua juu ya kaunta.

"Mwalimu, una hakika?" Alhaji aliuliza. "Cherehani inakuvalisha. Hii itakufanyia nini?"

"Nipe na kitabu chake, Alhaji."

"Kitabu tumefungia njugu."

"Chote?"

Alhaji akainama chini ya kaunta. "Kimebaki nusu."

"Nipe hiyo nusu."

Nusu hiyo ilikuwa ya mwisho. Mwalimu alijifunza kompyuta kuanzia katikati, kama mtu aliyeingia kwenye ugomvi wa watu bila kujua ulivyoanza, na mambo ya mwanzo akayatafuta mwenyewe kwa kukosea.

Televisheni walikuwa nayo tayari. Mumewe aliinunua kwa ajili ya mikanda ya video. Jumamosi ya kwanza mtaa mzima tulijaa sebuleni kwao tukitegemea karate. Tukaonyeshwa namba. Namba zikapanda kwenye kioo mstari kwa mstari, Mwalimu akabonyeza kitufe, na kutoka ndani ya televisheni ikatoka sauti nyembamba kama ya chura aliyekanyagwa. Ilipanda, ikashuka, ikanyamaza. Ulikuwa wimbo wa kanisani ambao sote tuliujua.

"Hiyo ndiyo video?" mama yangu aliuliza.

"Hiyo ni hesabu," Mwalimu alisema, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefungua koo lake kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata tulibaki watu watatu, wote wanafunzi wake wa masomo ya ziada, tuliokuja Jumamosi kwa sababu ya mtihani. Ndivyo nilivyoyaona mengine haya. Mashine ilikuwa imehamishiwa chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa wa mabanzi tu, na upande wa pili wa mabanzi hayo walikaa wakwe zake.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Wanyakyusa wa zamani wana heshima kati ya mke wa mtoto na baba mkwe, wenyewe huiita ukutila. Mwanamke hamtazami baba mkwe, haketi naye chumba kimoja, hali mbele yake, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Wakristo wengi wa mjini walikuwa wameilegeza. Mwalimu hakuilegeza hata kidogo, na huo ndio ukinzani wake uliotuchanganya kuliko yote. Darasani aliwakataza wasichana kuinamisha kichwa wakijibu swali. "Mtazame mtu machoni," aliwaambia. "Jibu sahihi halina aibu." Lakini kikohozi cha baba mkwe wake kikisikika uani, ungemwona Mwalimu huyohuyo akitoka mbio kwa mlango wa nyuma, sufuria mkononi, kitambaa kimemwangukia usoni.

Mzee alikuwa ameletwa kutoka kijijini Masoko, kwa sababu miguu yake ilikuwa imechoka kulima, pamoja na mkewe, ambaye sote tulimwita Bibi. Alikuja na mkongojo na ngoma moja. Enzi zake alikuwa mmoja wa wapiga ngoma watatu wa msiba. Ngoma zilikuwa tatu, watu watatu, na mchezo wa kumsindikiza marehemu haukuwa mchezo bila zote. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufa. Vijana walijua kidogo ya kwanza na kidogo ya pili. Ya tatu aliijua yeye peke yake.

"Haogopi kufa," Bibi alimwambia Mwalimu siku moja, wakichambua maharage. "Anaogopa kuzikwa kimya. Kila mwenzake kampigia yeye. Yeye nani atampigia?"

Jioni ile, mumewe alisimulia baadaye, Mwalimu alikaa mbele ya mashine akaanza kuandika namba ambazo hazikuwa za kanisani. Alikuwa amezisikia ngoma zile mara moja tu, siku za ubibi harusi wake, kwenye maziko ya Masoko, akiwa amesimama mbali na wanawake wenzake.

Mashine ile ilikuwa na sauti moja tu. Haikuweza kutoa milio miwili kwa pamoja, sembuse ngoma tatu. Kila pigo lilihitaji namba mbili: moja ya kimo cha sauti, moja ya urefu wake. Mwalimu alikata ngoma zote tatu vipande vidogo akavipitisha kimoja kimoja katika mlango ule mmoja, kwa kasi, kipande cha hii, kipande cha ile, kama msusi anayesuka mafungu matatu ya nywele kwa vidole viwili. Ukiangalia namba, huoni kitu. Ukisikiliza, ghafla ziko tatu.

Siku ya tatu ya kazi hiyo nilikuwepo. Tulikuwa mezani na hesabu zetu, yeye akabonyeza, chura akaanza kulia. Upande wa pili wa mabanzi ikalia ngoma. Mapigo sita tu, kisha kimya.

Mwalimu aliondoa mkono kwenye mashine kana kwamba imemuunguza. Sisi tukatazamana. Ngoma ikarudia mapigo yaleyale sita, polepole zaidi, kama anavyofanya mwalimu kwa mwanafunzi mzito.

"Rudia," mwenzetu mmoja alinong'ona, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nikamwona Mwalimu wa Hesabu akicheka darasani kwake mwenyewe.

Tangu siku ile walifanya kazi pamoja. Kila alasiri, shule ikifungwa na umeme ukiwepo, Mwalimu aliketi upande wake na mzee upande wake, katikati yao mabanzi na heshima. Mashine ilipiga, ngoma ikasahihisha. Hawakuwahi kusemezana neno. Mimi kwa utoto wangu nilimuuliza kwa nini asiingie tu akae na mzee amweleze vizuri, si yeye ni mtu aliyesoma.

"Nikiingia atanyamaza," alisema. "Mzee hawezi kuzungumza na mkamwana wake, na mimi siwezi kumlazimisha avunje heshima yake ili nipate namba zangu. Lakini ngoma siyo mazungumzo." Akanionyesha mabanzi kwa kalamu. "Heshima ikiwa ukuta, mwanangu, unagonga ukuta. Hubomoi."

Mvua ikizidi juu ya mabati, hakuna aliyemsikia mwenzake, na wote wawili walingoja. Niliwahi kumwona akingoja hivyo saa nzima, mikono mapajani, bila kushika daftari wala kalamu.

Ngoma ya kwanza ilikubali upesi. Ya pili nayo ikakubali. Ya tatu ilikataa. Kila alipoipanga sawasawa katika hesabu, mzee aliigonga tena nje kidogo ya mahali pake. Mwalimu akaenda jikoni kumuuliza Bibi.

"Mama, ile ya tatu inapigwa lini hasa?"

"Ya tatu huchelewa," Bibi alisema. "Ya kwanza inaita. Ya pili inaitika, ni watu wa karibu hao. Ya tatu ni ya yule ambaye habari ya msiba imemkuta mbali. Anakuja mbio, lakini ameshachelewa."

"Anachelewa kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu wa mbali."

"Mbali kama wapi, mama? Kisondela? Mbeya?"

Bibi akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Mwe, mwalimu wewe. Huyo mtu hapimwi kwa lami."

Alimpima, hata hivyo. Alijaribu robo, alijaribu theluthi, alijaribu vipande ambavyo sisi hatukuwa tumevifikia darasani. Mzee wa kanisa alipita siku moja kwa habari ya majoho, akasimama mlangoni akisikiliza, uso ukimkunjamana.

"Mwalimu, hizi si ngoma za wapagani?"

"Hizi ni namba, mzee wangu," alisema bila kugeuka. "Njoo uone. Hii ni ishirini na nne. Hii ni tisa. Ipi kati yao haijabatizwa?"

Yule mzee aliondoka akitikisa kichwa, lakini hakupeleka habari popote.

Mwisho wa masika yale ngoma ya tatu ilikubali. Yaani mzee alipiga yake, mashine ikapiga yake, na hazikuachana. Mwalimu akahifadhi kazi yote kwenye kaseti, maana mashine ikizimwa ilisahau kila kitu, na akafanya kaseti ya pili ya akiba. Kisha akaitwa Mbeya kusahihisha mitihani, wiki mbili.

Kaseti zile zilikuwa rafuni. Na Tukuyu, kitu cha rafuni kikikosa mtu wa kukishika, kinaota kuvu: viatu, mikanda, hata jalada la Biblia. Bibi aliona unga mweupe umeanza kuzishika kaseti za mkwewe. Alikuwa anajua zina nini. Alijua kuliko sisi sote. Kwa hiyo akafanya kile ambacho mama yake na bibi yake walifanya kwa kitu chenye thamani wakati wa mvua: akazifunga vizuri kwa majani makavu ya mgomba, akapanda juu ya kigoda, akaziweka darini, juu ya mafiga, katikati ya mahindi ya mbegu, mahali ambapo moshi na joto havikatiki na wadudu hawafiki.

Mwalimu aliporudi, Bibi alimteremshia furushi kwa fahari. Plastiki ilikuwa imejikunja kama gamba la samaki kikaangoni. Utepe ulikuwa umeshikana, mweusi, ukinuka moshi.

"Si ndiko tunakoweka vitu tusivyotaka vife?" Bibi aliuliza, na katikati ya sentensi sauti yake ikaanza kuelewa.

Tulikuwepo, tumeleta daftari. Mwalimu aliishika kaseti moja, akaigeuza upande huu na upande huu. Sijui alitaka kusema nini. Alichosema ni "Ndaga, mama," asante, kwa Kinyakyusa chake cha kuungaunga, akamshika Bibi mkono akamkalisha. Kisha akatoka uani akasimama kwenye mvua, na safari hii hakukuwa na daftari za kufunika.

Kulikuwa na mambo mawili mabaya zaidi. La kwanza, hakuwa ameandika namba zile popote. Yeye aliyetunyima alama kwa kutoonyesha kazi, hakuonyesha kazi; zilikuwa zikibadilika kila siku, akajiambia ataziandika zikishatulia. Alilikiri jambo hilo darasani, mbele ya kidato kizima, na akajiandikia mwenyewe ubaoni: Rudia. La pili, katika wiki hizo mbili mzee alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala. Maneno yake yalikuwa yamekatika. Ngoma ilitundikwa.

Jumatatu Mwalimu aliwasha mashine. Kioo kilikuwa kitupu, na ile alama yake ndogo ikawaka na kuzimika pembeni, ikingoja. Akaandika mstari wa kwanza, akabonyeza. Upande wa pili kimya. Akaandika wa pili. Kimya. Wa tatu ulikuwa na kosa, hata mimi nililisikia, na hapo mabanzi yakagongwa mara moja, ko, kwa mkongojo, kwa mkono wa kushoto.

Ikawa ndiyo lugha yao mpya. Pigo moja, umekosea. Kimya, endelea. Zamani mzee aliweza kumwonyesha pigo lenyewe; sasa aliweza kukataa tu, na Mwalimu ilimbidi atafute gizani mpaka asikataliwe. Kwa ngoma ya kwanza na ya pili haikuwa shida kubwa. Ya tatu ilikula miezi. Shule ilifungwa ikafunguliwa. Sisi tulifanya mtihani wetu. Mgao wa umeme ulikuja ukaondoka na kazi ya siku nzima mara mbili, na mara zote mbili alianza tena mstari wa kwanza, safari hii kila namba imeandikwa daftarini kwa kalamu ya risasi. Alhaji alimkuta sokoni akamtania.

"Mwalimu, ile taipu imekwisha andika barua ngapi?"

"Moja, Alhaji. Bado naisahihisha."

Siku kazi ilipotimia sijaisahau. Ilikuwa baada ya sala, mvua imepumzika. Ngoma ya kwanza iliita, ya pili ikaitika, na ya tatu ikaja na kuchelewa kwake, si robo wala theluthi, bali kitu katikati ambacho hakina jina hesabuni. Ikazunguka mara nne, mara nane. Mabanzi hayakugongwa. Mwalimu aliacha iendelee. Kimya cha mzee wa umri ule kina maana nyingi. Mwishowe akamwita Bibi kwa sauti ndogo.

"Mama, anafanya nini?"

Tulimsikia Bibi akisogea.

"Ameulaza mkongojo chini," akasema. "Anatazama juu."

Mzee alizikwa Masoko mwaka uliofuata, kiangazi kilipoanza. Kule hakukuwa na umeme, lakini Mwalimu alikuwa amerekodi ngoma kwenye kaseti za kawaida, kaseti sita, akazigawa katika nyumba sita, na zote akatoa amri ziwekwe mbali na jiko. Siku ya maziko yeye hakukaribia kaburi. Alisimama nyuma ya migomba, mahali pa mkamwana, na redio kaseti ya betri miguuni. Vijana watatu wenye ngoma walianza, wawili wakijua na wa tatu akibabaisha, mchezo ukayumba, watu wakaanza kutazamana. Ndipo kutoka migombani ikaja ile sauti ya chura, nyembamba, isiyofanana na ngoma hata kidogo. Yule kijana wa tatu aligeuza kichwa. Akasikiliza mzunguko mmoja. Katika wa pili mkono wake ukaingia, umechelewa, umechelewa sawasawa, na wazee wa kiume wakatoka kwenye viti kucheza. Mwalimu akaizima redio. Haikuhitajika tena.

Mzee wa kanisa alikuwepo. Wakati wa kuondoka alimpitia pale nyuma ya migomba. "Namba zako," alimwambia, "zimemfikisha." Mwalimu akamuuliza kama aliuona mguu wake mwenyewe wa kulia ukicheza, maana yeye aliuona.

Hayo ndiyo mambo ninayoyakumbuka nikimtaja Mwalimu wa Hesabu, pamoja na mengine madogo: kwamba hakunywa chai ingawa alilishwa na chai; kwamba aliogopa kuku; kwamba alitupeleka hospitali mmoja mmoja kwa mgongo wake mwaka wa homa na hakuwahi kulitaja. Niliondoka Tukuyu nikaishi mbali. Habari zake zilinifikia zikiwa zimechelewa, kama kawaida.

Mara ya mwisho nilimkuta amestaafu. Nilishuka stendi, nikachukua bodaboda mpaka Makandana, nikamwambia kijana anisubiri dakika kumi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa na nywele nyeupe na sweta jingine la kijani. Mezani kulikuwa na mashine ileile nyeusi, vitufe vimefutika herufi, na pembeni yake kitu kipya, kidogo kama kitabu cha nyimbo, kimejaa vifundo vya kuzungusha na taa nyekundu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa." Akanionyesha kile kitu kabla hata ya kuniuliza safari. "Binti yangu kaniletea kutoka Dar. Ni kinanda cha kutengeneza sauti. Hiki hakiigi ngoma, kinaijenga. Unazungusha hapa ngozi inakaza, hapa inalegea. Na kinatoa sauti nyingi kwa pamoja, sisuki tena."

"Sasa hiyo ya zamani ya nini?"

"Hiki kipya ni mwongo wa wakati. Kinapiga sawasawa mno. Tazama." Kutoka kwenye tundu la mashine ya zamani, lile lililokuwa la kaseti, waya mwembamba uliingia kwenye kinanda. "Fundi redio wa mjini kaniunganishia. Mashine inahesabu, kinanda kinapiga. Mmoja ana akili, mwenzake ana koo." Akacheka. "Leo nimejaribu kukiachia kihesabu chenyewe. Nione kama kimejifunza."

Akabonyeza. Ngoma zilizotoka zilinisimamisha nywele. Zilikuwa ngoma kweli, zenye ngozi na tumbo, sakafu ikatetemeka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ko.

Mabanzi yaligongwa mara moja. Niliruka kitini. Mwalimu hakushtuka; aliinua kidole kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Nani yuko mle?" niliuliza.

"Nenda kamsalimie."

Nilizunguka uani nikaingia. Bibi alikuwa kitandani karibu na ukuta, mdogo kama mtoto, macho yamefunikwa na weupe, mkongojo wa mzee mkononi. Nilimpa shikamoo, nikamwambia mimi ni nani. Alinipapasa uso.

"Bibi, nawe unazijua ngoma?"

"Nimepikia pembeni ya ukuta huu miaka mingapi?" alisema. "Mimi ndiye niliyechoma mbegu, mwanangu. Sasa nalinda shamba."

Mvua ilikuwa imeanza nilipoaga. Nilisimama barazani nikivuta kofia kichwani. Ndani, Mwalimu alikuwa amechomoa kitu akachomeka kingine, kuirudishia mashine ya zamani kazi ya kuhesabu. Ngoma zikaanza upya. Ko. Kimya cha mtu anayefuta namba. Zikaanza tena. Ko.

"Tunaenda?" kijana wa bodaboda aliita kutoka njiani.

"Subiri kidogo."

"Mvua inakuja, bosi."

"Subiri."

Ngoma ya kwanza iliita. Ya pili ikaitika. Nikashika nguzo ya baraza. Ya tatu ikatoka mbali, mbio, imechelewa, ikapita mara moja, mara nne, mara nane, na mle ndani hakuna aliyegonga.